Vitabu vya Mrunal, Mvua hadi Dasara

12 Juni

Mvua imefika Chiplun mchana na Mrunal amefika jioni, ameloa yeye na vitabu vyake. Ni binti wa mdogo wangu Dattaram, anakaa kwangu kwa ajili ya chuo cha uhandisi, na katika masomo yote amefeli moja tu: lugha ya C, ile ya kuandikia programu za kompyuta. Mtihani wa marudio ni mvua zikiisha.

Datta amepiga simu kuhakikisha nimeelewa. "Dada, hii ndiyo nafasi ya mwisho. Akifeli tena anarudi Dapoli. Kiwanda cha korosho kinataka mtu wa kusimamia, na mimi sina mwingine."

Nimemwambia nimefundisha hesabu wasichana wa mji huu maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kushindwa na mtoto mwenye akili. Akasema C si hesabu. Nimekata simu.

13 Juni

Mvua. Vitabu vimetandazwa sakafuni chini ya feni.

14 Juni

Vimekauka, nimevikagua. Kuna kitabu kikubwa cha manjano alichorithi kwa binamu yake, kizito cha kuua panya. Kuna *Majibu ya Uhakika*, kile kinachouzwa langoni mwa chuo kila msimu wa mitihani: maswali ya miaka iliyopita na majibu yake, kila jibu na alama zake kwenye mabano. Kuna fotokopi za tuisheni ya Bwana Ghag, zimeshonwa kwa uzi mweupe. Na kuna kitabu chembamba kisicho na picha wala majibu, alichokiokota kwenye vitabu chakavu huko Pune.

"Hiki umekinunua kwa nini?"

"Kilikuwa bei ya chai, Shangazi."

"Ndiyo maana hakina majibu."

Halafu kuna video za kijana fulani mtandaoni anayeongea haraka kama mnadi samaki. Mrunal ametazama nyingi. Nikamwuliza amejifunza nini, akasema wakati wa kutazama anaelewa kila kitu.

Nimeamua: *Majibu ya Uhakika*, majibu kumi kila siku, kwa moyo. Kile chembamba nimekiweka dirishani kuzuia ubao usigonge.

19 Juni

Majibu kumi. Ameyataja yote tukila pithla ya unga wa dengu na mkate wa bhakri.

20 Juni

Kumi mengine.

23 Juni

Umeme umekatika. Kumi mengine hivyo hivyo. Huyu mtoto ana kumbukumbu safi, sijui alifeli vipi.

27 Juni

Leo nimejua alifeli vipi. Alikuwa ananisaidia kukunja majani ya magimbi kwa ajili ya alu vadi, vitafunio vya kukaanga, nami namwuliza maswali bila kitabu.

"Kielekezi ni nini?"

"Kielekezi ni kigeu kinachohifadhi anwani ya kigeu kingine."

"Maana yake?"

"Maana yake alama mbili."

Nikacheka, yeye hakucheka. Aliendelea kupaka unga kwenye jani, kisha akasema polepole, "Shangazi, mimi hili somo nalipenda. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa silipendi ningeenda zangu kwenye korosho nikalale." Akaniambia kwamba mwaka jana darasa zima lilinakili daftari la mazoezi la wakubwa wao, na wale wakubwa walinakili la wakubwa wao, kiasi kwamba programu ya kwanza ya kila mwanafunzi chuoni, ukiiendesha, inaandika "Jina langu ni Prasad." Hakuna anayemjua huyo Prasad. Labda ana wajukuu sasa.

Nimesikitika kweli. Nimemkalisha mtoto huyu wiki mbili akariri kitu anachokipenda.

28 Juni

Zamani shuleni, mchapishaji akileta kitabu kipya cha hesabu, sikuwa nasoma utangulizi. Nilifungua moja kwa moja kwenye kugawanya sehemu kwa sehemu. Hapo ndipo mwandishi mvivu hujificha. Leo nimemwuliza Mrunal, "Katika C, watu wanalilia wapi?" Akasema kwenye vielekezi. Basi nimevifungua vyote hapo.

Cha manjano kinaeleza vizuri kwa kurasa tatu, halafu kinaanza kusifia kompyuta ambazo hazipo tena duniani. *Majibu ya Uhakika* kinatoa ile sentensi moja ya alama mbili. Fotokopi za Ghag zinatoa sentensi hiyo hiyo, na mshale mwekundu. Kile chembamba nimekitoa dirishani, kimejikunja kidogo. Kinasema: andika kazi ndogo, yaani kipande cha programu, ya kubadilishana namba mbili, hii iwe ile na ile iwe hii. Iendeshe. Haitabadilisha kitu. Kabla ya kufungua ukurasa unaofuata, sema kwa nini.

Kwa nini? Sijui. Sijapenda kutojua.

3 Julai

Nimekwenda kumwona Bwana Ghag mwenyewe, maana kabla sijamhukumu mtu napenda kumtazama. Tuisheni yake iko nyuma ya duka la mbolea, karibu na mto. Kompyuta zimepangwa ukutani na zote zina ile skrini ya buluu, programu ya kizamani ya kuandikia C ambayo hata binamu wa Mrunal aliikuta ikiwa imezeeka. Watoto wamebanana kwenye mabenchi wanaitikia kwa sauti moja. Yeye ni mwanamume mnene, mpole, ana kalamu masikioni kote kote.

"Mwalimu Sushama, karibu. Mpwa wako aliacha kuja wiki ya tatu."

"Kwa nini?"

"Anauliza maswali."

"Na wewe ni mwalimu."

"Nina mitaala ya kumaliza, mama. Mimi sifundishi C. Mimi nafundisha kufaulu."

Alisema bila aibu, hata akanitafutia kiti. Nimerudi nyumbani nimekasirika, mwavuli ukanigeukia njiani, nikazidi kukasirika.

9 Julai

Kuna swali linalokuja kila mwaka kwenye karatasi ya nadharia, la alama nane na vipengele vyake. Una namba moja, nayo ni tano. Katika mstari mmoja unaiongeza moja, na palepale unaiongeza moja tena, halafu unajumlisha matokeo yote mawili. Jibu ngapi? *Majibu ya Uhakika* kinasema kumi na tatu. Ghag anasema kumi na nne. Laptopu ya Mrunal imesema kumi na nne, lakini imetanguliza onyo refu.

Nimemwambia atafute kwenye chembamba. Amesoma kwa sauti: "Usiandike hivi. Lugha haijaahidi jibu lolote hapa. Kompyuta moja itakupa hili, nyingine lile, na zote ziko sawa."

"Swali la hesabu lisilo na jibu?" nikauliza.

"Siyo kwamba halina jibu, Shangazi. Halikupaswa kuulizwa."

Chai yangu ilipoa nikiwa nalifikiria. Mwaka hadi mwaka watoto wanapewa alama kwa kukariri jibu la swali lisilopaswa kuulizwa, na vitabu viwili vinagombana juu yake, na kati ya vyote vinne ni hiki cha bei ya chai tu kilichothubutu kusema ukweli. *Majibu ya Uhakika* nimekiondoa mezani. Kuanzia leo ni chembamba, tangu ukurasa wa kwanza, na mimi nasoma naye.

10 Julai

Zoezi la kwanza: andika programu fupi, iendeshe, kisha iharibu kwa makusudi, na kila mara uandike kompyuta inalalamika nini. Mrunal amefuta nukta-mkato. Malalamiko sita kwa nukta-mkato moja.

11 Julai

Leo nimeharibu mimi. Nimefurahi kupita umri wangu.

16 Julai

Mvua haijakata tangu juzi. Nguo hazikauki, kila kitu nyumbani kinanuka taulo bichi. Sura ya tatu.

18 Julai

Nimelipata. Nilikuwa kwenye foleni benki, mbele yangu bwana mmoja anagomba na karani kwamba amerekebisha tarehe yake ya kuzaliwa kwenye fotokopi ya cheti, kwa nini cheti chenyewe bado kina makosa. Nikatoka kwenye foleni nikarudi nyumbani kwa rikshaw.

"Mrunal, ile kazi ya kubadilishana. Unaipa fotokopi."

Akaniangalia, kisha akaweka mikono kichwani. "Inabadilisha fotokopi. Zile namba zenyewe ziko kabatini hazina habari."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nisiipe namba. Niipe anwani ya kabati." Alikuwa ameshaanza kuandika. Safari hii zilibadilishana. Alinikumbatia na laptopu ikiwa bado mapajani, nusura ianguke. Kazi ya benki nitaifanya kesho.

24 Julai

Mto Vashishthi umeingia sokoni.

Alfajiri tulisikia watu wanaitana barabarani. Nyumba yangu iko mteremko wa juu, kwetu ni matope tu, lakini chini kule maji yalikuwa yamefika kwenye mabango ya maduka. Nilichemsha chai sufuria kubwa, kisha nyingine. Walipanda majirani na mizigo yao, kuku, bibi mmoja na mashine yake ya kushonea. Mchana akapanda Bwana Ghag. Alikuwa amebeba kompyuta moja kichwani na nyuma yake wanafunzi wawili wamebeba nyingine mbili. Zile zilizobaki zilikuwa zimeshakunywa maji.

"Mwalimu, naomba baraza tu. Zikauke."

Hakuwa na kalamu masikioni. Nilimpa taulo na chai na sikumwambia neno lolote baya, ingawa nilikuwa nimeyaandaa kadhaa tangu mwanzo wa mwezi. Alikaa kwenye ngazi anaangalia chini kulikokuwa na duka la mbolea. Watoto waliokuja naye walikuwa wanamchokoza ili acheke. "Mwalimu, leo skrini itakuwa ya buluu kweli kweli." Akacheka, mwishowe.

Jioni alikiona kile chembamba juu ya meza. Akakichukua akakifungua katikati, pale pale kwenye vielekezi, kama mtu anayejua njia.

"Nilianza nacho hiki," alisema. "Mwaka wangu wa kwanza wa tuisheni. Nilikuwa kijana, nikafundisha C kama ilivyo. Wanafunzi wakajua kazi. Halafu ikaja karatasi ya nadharia, wakaulizwa lile swali la namba tano, wakaandika kwamba halina jibu. Wengi wakafeli. Wazazi wakanijia mlangoni, Mwalimu. Mama mmoja alilia. Baada ya hapo nikasema basi, wanataka kumi na nne, nitawapa kumi na nne."

Mrunal alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya wali. Aliuliza, "Na wewe mwenyewe, Mwalimu, ulikuwa unajua?"

"Najua mpaka leo, binti yangu. Nina watoto wa kulisha."

Nimemwelewa vibaya mtu huyu. Nilidhani hajui. Nimeona haya kidogo, nikamwongezea wali.

27 Julai

Maji yameshuka. Tope kila mahali. Ghag amesafisha duka na wanafunzi wake wote. Benchi zimeharibika, kwa hiyo tuisheni itakuwa barazani kwangu hadi apate pengine. Sikuombwa, nilijitolea.

2 Agosti

Habari kutoka chuoni: maabara yao nayo ililoa. Zinaletwa kompyuta mpya, na skrini ya buluu haimo. Mtihani wa vitendo utafanyika kwenye hizo mpya. Barazani palikuwa na kilio. Kila programu kwenye fotokopi za Ghag inaanza na mistari inayoijua skrini ya buluu peke yake. Kwenye laptopu ya Mrunal inakataliwa hata kabla ya kuendeshwa.

Ghag alivua miwani akaifuta, akaivaa. "Haya," akasema. "Mrunal, njoo mbele. Waonyeshe unavyoharibu programu."

9 Agosti

Sikukuu ya Nag Panchami. Watoto barazani wameharibu programu mpaka kompyuta zimechoka. Ghag anafundisha, Mrunal anaendesha, mimi nakaanga.

15 Agosti

Siku ya Uhuru. Bendera, mvua, na sura ya safu.

21 Agosti

Ghag akifundisha kitu anachokiamini ni mtu mwingine kabisa. Leo ameeleza kumbukumbu ya kompyuta kwa kuwapanga watoto kwenye ngazi zangu, kila mmoja na namba yake shingoni, halafu akamwita wa ngazi ya kumi wakati ngazi ziko tisa. Akapiga kelele mtoto mmoja wa jirani aliyekuwa akipita chini, "Ni mimi?" Na hivyo ndivyo C inavyofanya ukivuka mwisho wa safu: inamshika yeyote aliyepo pale. Sijawahi kufundisha kitu chochote vizuri hivyo.

6 Septemba

Dapoli, kwa sikukuu ya Ganapati. Basi lilijaa watu na vikapu vya maua. Tumepika modak, vitamutamu vya nazi vya mvuke, hadi mikono ikaungua.

Datta amemwandalia Mrunal meza kiwandani, mpya, ina droo na feni yake ndogo. Alituonyesha kwa fahari, na siwezi kumlaumu, ni meza nzuri na yeye si mtu mbaya. Amechoka, anataka mtoto wake karibu. Mrunal alifungua droo akaifunga. "Nzuri, Baba," akasema. Wakati wa kuizamisha sanamu ya Ganapati mtoni aliimba na wenzake wote, lakini njiani alinishika mkono kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Nimeogopa. Sijamwambia.

22 Septemba

Mtihani wa vitendo. Mtahini ametoka Kolhapur, mwanamke mkavu asiyetabasamu. Kila mwaka wanaombwa kuchora piramidi ya nyota, na kila mtoto wa mji huu anaweza kuiandika akiwa usingizini. Huyu akawaambia waigeuze kichwa chini. Mrunal anasema wengi waliondoa vidole kwenye kibodi. Waliotoka barazani kwetu walianza kuandika.

Programu yake ilianguka mara ya kwanza. Kompyuta ikaifukuza tu, bila maelezo. Mtahini alikuwa amesimama nyuma yake.

"Sasa?" akamwuliza.

"Sasa nimevuka mwisho wa safu mahali fulani, Madamu. Subiri." Akaisoma kuanzia juu, akalipata kosa, akapunguza moja. Nyota zikashuka vizuri.

"Umefundishwa na nani?"

Mrunal akajibu Bwana Ghag. Nilipomwambia Ghag hilo, aligeuka akajifanya anatafuta chaki.

30 Septemba

Kesho nadharia. Kufaulu vitendo hakutoshi, nadharia lazima ifike arobaini. Lile swali litakuja, la alama nane, na Mrunal si mwepesi wa kuandika insha. Alama nane zinaweza kuwa ndizo zitakazoamua.

Nimekuwa nikizunguka jikoni tangu asubuhi, mwishowe nikamwambia. "Andika kumi na nne."

Alikuwa anakula. Aliacha kula. "Shangazi?"

"Andika kumi na nne, faulu, halafu maisha yako yote sema ukweli."

"Bwana Ghag alisema hivyo hivyo, mwaka wa pili wa tuisheni yake."

Nilimwambia sitamlaumu kwa lolote atakaloandika, na hilo nilimaanisha. Kisha nikamwambia mimi naogopa ile meza ya Dapoli kuliko anavyoiogopa yeye. Akasogea akaniegemea begani, tukakaa hivyo mpaka wali ukapoa.

1 Oktoba

Swali lilikuja. Sikumwuliza. Ameniambia mwenyewe akivua viatu: "Nimeandika kwamba lugha haijaahidi jibu, na nikaeleza kwa nini. Nusu ukurasa."

Nimempa sol kadhi, kinywaji chetu cha tui la nazi, ameinywa yote.

10 Oktoba

Dasara. Leo hakuna kusoma, vitabu vinapumzika na kuabudiwa. Mrunal amevipanga vyote mbele ya picha ya Saraswati, na laptopu, na fotokopi zenye uzi mweupe. Hata *Majibu ya Uhakika* kimewekewa ua la rangi ya zafarani, maana mungu wa kike wa elimu habagui. Mvua imekwisha kabisa. Ghag amepata chumba kipya, cha ghorofa ya pili safari hii, na ameniletea jani la mti wa apta, linalopeanwa siku hii kama dhahabu, akitutakia heri.

19 Oktoba

Datta amefika asubuhi na pikapu. Alisema anapita tu kwenda Karad, lakini ilikuwa tupu, na kamba za kufungia mizigo zilikuwa zimekunjwa vizuri kwenye kiti. Matokeo yalikuwa yatoke saa sita. Tulikaa watatu mezani mtandao ukizunguka na kuzunguka. Nilikuwa nimeshika ukingo wa sari yangu mpaka ukalowa jasho.

Ukafunguka. Mrunal alisoma, kisha akaigeuza skrini tuione. Vitendo, amefaulu. Nadharia, arobaini na tatu. Lile swali, sifuri kati ya nane.

Datta alisoma mara mbili. "Arobaini na tatu," akasema. "Dada, si wewe uliyekuwa ukiwafokea wasichana kwa kuleta themanini? Na wewe ndiye umemfundisha?"

"Sikumfundisha. Nilimchagulia vitabu, na nilianza kwa kuchagua vibaya." Nikamsogezea ile skrini karibu zaidi. "Zitazame hizo alama, Datta. Hakuna hata moja ya kuazima."

Akamtazama binti yake muda mrefu, naye binti hakuinamisha macho. Mwishowe Datta akaniomba chai. Ameinywa taratibu, ameuliza mwaka wa pili wanasoma nini, na saa nane ameondoka na pikapu tupu.